Ni Nani Amlipe Mwenye Ng'ombe?

Tuseme yuko mama mmoja huko Msimbu, wilayani Kisarawe, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Nchi yake ni ya mihogo, minazi na mikorosho. Wazee wa Kizaramo hawakufuga ng'ombe wengi, maana mbung'o hawakuwapa nafasi. Kwa hiyo ng'ombe huyo ni mali kubwa. Maziwa ya asubuhi huuzwa kwa majirani, na fedha yake ndiyo inunuayo madaftari na sare za watoto. Siku moja bwana mifugo ampiga ng'ombe sindano za ngozi shingoni. Baada ya saa 72 arudi, apima uvimbe kwa chombo chake, na kusema: mnyama huyu ana kifua kikuu. Mama amtazama ng'ombe wake. Amenenepa, anacheua vizuri, hakohoi. Afanye nini?

Kisa hiki tumekitunga sisi, wala hatumsemi mtu. Lakini swali lenyewe si la kutunga, nalo lamngoja kila mfugaji.

Kabla ya kuhukumu yatupasa kujua ugonjwa. Kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe ni ndugu wa kile cha binadamu, ambacho Robert Koch alitangaza habari zake tarehe 24 Machi 1882. Bwana huyo alifika hata Dar es Salaam, mwaka 1897, kuchunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Naye, pamoja na elimu yake yote, mwaka 1901 alisimama mbele ya mkutano wa waganga London akasema kwamba kijidudu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Waingereza waliunda tume, ikafanya kazi mpaka 1911, ikaonyesha kuwa alikosea. Watoto walikuwa wakiambukizwa kwa maziwa mabichi, na mara nyingi ugonjwa haukukaa kifuani bali katika tezi za shingo, tumboni na mifupani.

Wala si habari za zamani tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu 140,000 waliugua kifua kikuu kilichotoka kwa wanyama, na 11,400 wakafa, walio wengi wakiwa wa Afrika. Tena dawa mojawapo kati ya zile nne za kwanza apewazo mgonjwa, pirazinamidi, haina nguvu juu ya kijidudu hiki. Jambo jingine husahauliwa: mtu mwenye kifua kikuu aweza kumwambukiza ng'ombe wake. Basi tusimlaumu mnyama peke yake.

Sasa turudi kwa mama yetu. Njia ya kwanza imjiayo moyoni ni kumpeleka ng'ombe mnada wa Pugu, ambao hauko mbali, na kunyamaza. Atapata bei nzuri. Sisi twasema wazi kwamba hana haki hiyo. Anayenunua ananunua afya pamoja na nyama na mifupa; akifichwa jambo kama hili ameibiwa, na wa nyumba yake watakaokunywa maziwa wametendewa jambo baya kupita wizi. Hata umaskini wa muuzaji hauondoi kosa hilo, ingawa wapunguza lawama.

Njia ya pili ni kumweka ng'ombe na kuchemsha maziwa. Kuchemsha ni wajibu wa kila nyumba, ng'ombe awe mzima au mgonjwa, na twasikitika kuona watu wakiona fahari kunywa maziwa mabichi. Kugandisha hakutoshi, maziwa ya mgando yaliyotokana na maziwa mabichi yaweza kubaki na vijidudu. Lakini moto wa jikoni hauzuii pumzi ya zizini. Ng'ombe mgonjwa amwambukiza ndama wake, na ng'ombe wa jirani katika malisho na zizi moja. Kumtibu nako hakufai: dawa ni za miezi mingi, kijidudu chaweza kuzizoea, na dawa hizo ndizo tuzihitajizo kwa watu.

Imebaki njia ya tatu, kuchinja, nyama ikitazamwa na mkaguzi. Hapo ndipo swali gumu linapoanza. Ng'ombe akichinjwa, wanaofaidika ni nani? Ni majirani wote, mifugo yao, watoto wasiomjua hata jina mama huyu. Na anayelipa ni nani? Ni yeye peke yake. Sisi twaona kuwa hii si haki. Jumuiya ina haki ya kudai mnyama mwenye hatari auawe. Lakini haki hiyo haisimami peke yake. Mwenye kudai mali ya mtu kwa faida ya wote ana deni kwake. Mtu asijibu kwamba ng'ombe mgonjwa hana thamani. Kwa mama wa Msimbu thamani yake ilikuwako asubuhi ile ile, ndani ya kibuyu.

Wamarekani walilijua jambo hilo. Walipoanza mwaka 1917 kupima na kuchinja ng'ombe nchi nzima, walikubali kuwalipa wenye mali sehemu ya hasara, na mwaka 1940 ugonjwa ulikuwa umebaki kidogo sana. Hata hivyo fedha peke yake haikutosha. Katika jimbo la Iowa, mwaka 1931, wakulima hawakuusadiki upimaji. Wakawafukuza waganga wa mifugo, hata gavana akapeleka askari kuwalinda waganga hao. Watu walikiita kisa hicho Vita vya Ng'ombe. Mtu asiyeelezwa sindano ni ya nini aona mwizi katika kila koti jeupe.

Lakini wako wanyama wasio na mwenyewe. Miaka hii wafugaji wengi wameingia Mkoa wa Pwani na makundi yao, na upande wa Rufiji ipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa katika Selous mwaka 2019. Ng'ombe na nyati wakigawana maji na majani, hugawana na magonjwa. Katika Afrika ya Kusini kifua kikuu kilionekana kwa nyati wa Kruger mwaka 1990, nacho kilitoka kwa ng'ombe. Kisha kikaingia kwa simba waliowala. Hata kwetu, mwaka 2005 wataalamu walitangaza kukiona kwa nyumbu na nyamera. Je, tuwaue? Waingereza walijaribu kwa mnyama wao wa mashimoni afananaye na nyegere. Katika majaribio ya mwaka 1998 hadi 2005 waliua kama 11,000. Ugonjwa wa ng'ombe ukapungua ndani ya eneo, ukaongezeka pembeni, maana wanyama waliosalia walitawanyika. Kwa nyati, ambaye hakuna wa kumlilia fidia, ni rahisi kuamuru bunduki. Sisi twaona ni afadhali kuanza zizini, ambako ugonjwa ulitoka.

Fidia ya serikali kwa kila ng'ombe haitapatikana kesho. Nchi nyingi za Afrika zimeshindwa kupima na kuchinja kwa sababu hiyo hiyo. Basi wauzaji na wanunuzi wa maziwa wa kijiji wasingoje. Waweke shilingi chache kwa kila lita, daftari lishikwe na watu wawili wanaoaminika, na ng'ombe wote wapimwe pamoja, wa mwenyekiti wakiwamo. Atakayekutwa na ng'ombe mgonjwa apewe mtamba, au angalau nusu ya bei yake, kabla kisu hakijatolewa. Na watoto wa nyumba ile wapelekwe hospitali kupimwa kifua na tezi juma lile lile.