Usiizike Diski Ingali Hai

Mwanangu, weka bisibisi chini kwanza. Vuta kiti. Chai bado ya moto, na hiyo kompyuta haitakimbia. Inakaribia umri wako.

Naona umeshaamua kwamba diski imekufa. Umewasha mara tatu, Linux haikuiona, na tayari unaulizia bei ya nyingine. Nakuelewa. Hata mimi nilikuwa hivyo, tena nikiwa mtu mzima. Sisi tulichelewa kuzijua mashine hizi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na siku nilipogusa ya kwanza hapa Tabora, kichwani nilishaota mvi. Aliyechelewa hupenda kukimbia, na mimi nilikimbia.

Nilikuwa natunza mahesabu ya kikundi cha wafuga nyuki. Nani kaleta madebe mangapi, nani kalipwa, nani anadai. Misimu mitatu yote ilikaa ndani ya diski moja ya GB 40. Siku moja nikaweka toleo jipya la Linux. Nilipowasha tena, skrini nyeusi, maandishi meupe: hda1 haionekani. Nikazima, nikawasha. Haionekani. Nikasema, basi, imekufa.

Jioni ile ile nikaingiza sidii ya kusimika mfumo upya, nijaribu bahati. Ajabu, sidii ikaiona diski. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: maiti gani huyu anayeitika? Mimi nilifurahi tu. Programu ikauliza, nifute yote? Nikajibu ndiyo.

Diski ilikuwa nzima, mwanangu. Kilichobadilika ni jina. Zamani Linux iliziita diski za IDE hda, hdb, na kuendelea. Kwenye mwaka 2007 hivi, matoleo mengi yalibadili viendeshi vya diski, na diski zile zile zikaanza kuitwa sda, sdb. Faili la fstab, linaloiambia Linux ifungue diski zipi, lilikuwa bado linaita jina la zamani, na aliyeitwa hakuitika.

Sisi watu wa Mtendeni, hapa Tabora, tulipaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Wale wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, walipofika huku Novemba 1857, mji wetu waliuandika Kazeh. Mgeni akishuka stesheni leo akauliza Kazeh, vijana wa bodaboda watamkodolea macho. Je, arudi kwao akatangaze kwamba mji umekufa?

Nilizunguka nyumba kwa nyumba na daftari, nikiwauliza wafugaji kila mtu alileta nini. Mzee mmoja alinitajia madebe yake yote ya misimu mitatu bila kusita. Kisha akaniuliza kwa upole, "Na hiyo kompyuta yako, inakumbuka nini?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo kwenye fstab naandika UUID. Ni namba ndefu, inachosha macho, lakini haibadiliki hata diski ikihamia tundu jingine. Amri ya blkid itakuonyesha.

Sasa hii yako. Fikiria mzigo uliopotea kati ya Bagamoyo na Ujiji. Huanzi kwa kumlaumu pagazi. Unauliza kituo kwa kituo: umeonekana wapi mara ya mwisho? Kituo cha kwanza ni umeme. Tega sikio. Diski inazunguka? Mimi niliwahi kuhangaika siku nzima na programu, kumbe plagi ya umeme ilikuwa imelegea. Pembeni mjusi alikuwa ametaga mayai mawili, ametulia, hana habari na shida zangu.

Kisha waya. Ule utepe mpana wa IDE una matundu 40, na wa kisasa kidogo una nyuzi 80. Plagi ya buluu huenda kwenye bodi, nyeusi ya mwisho kwa diski ya kwanza, kijivu ya katikati kwa ya pili. Utepe ukizeeka huweza kukatika ndani bila kuonekana nje. Badilisha waya kabla ya kubadilisha diski.

Halafu angalia jampa, kile kijiplastiki nyuma ya diski. Waliobuni mfumo huu waliziita diski mbili za waya mmoja bwana na mtumwa. Jina sijalipenda hata siku moja, hasa hapa kwetu, ambako watumwa wa kweli walipitishwa wakielekea pwani. Lakini ujue: ukiweka mabwana wawili kwenye waya mmoja, huenda usimwone hata mmoja.

Ukimaliza hapo, ingia bayosi. Ya zamani sana haiwezi kuhesabu zaidi ya GB 137, na nyingine huganda kabisa ikikutana na diski kubwa. Usikate tamaa. Linux ikishawaka kutoka kwenye sidii, huihoji diski yenyewe. Soma dmesg polepole, mstari kwa mstari, halafu lsblk. Mimi nilikuwa nairuka dmesg kwa sababu ni ndefu. Majibu yangu mengi yalikuwa mle.

Ila ukisikia inagonga, tik, tik, tik, zima. Usiijaribu mara ya pili ili uhakikishe. Hiyo kweli inaumwa. Itawashwa siku moja tu, diski nyingine ikiwa tayari, na programu ya ddrescue ichukue kinachochukulika.

Hii yako haigongi. Ulipokwenda kununua sukari niliiwasha. Inazunguka vizuri. Bayosi inasema hakuna diski, na tarehe yake inasema 1 Januari 2001. Umeiona hiyo tarehe? Sikugusa kitu kingine. Betri ile ya duara ya volti 3, inayotunza kumbukumbu ya bayosi, fundi saa anayo, na kopo la jampa liko juu ya kabati, nyuma ya redio. Maliza chai kwanza.