Ufa Hauzibwi kwa Vanishi



Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi seremala mtaani kwetu kuuliza bei ya meza. Pale nje palikuwa na ubao mnene wa mninga, umepinda upande mmoja, una vifundo, na ufa mrefu kutoka ukingoni hadi karibu katikati. Nikamwambia, "Mzee, huu si wa kuni?" Akacheka. "Hii ndiyo meza yako, mwanangu."

Basi nikashauri tuzibe ufa kwa vumbi la mbao na gundi, tupige vanishi, nani atajua? Akatikisa kichwa. Gogo hukauka nje kabla ya ndani, ndiyo maana hupasuka. Na ubao hata ukikauka hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika. Ukiufunika tu, ufa utarudi. Yeye alichonga kipande cha mti mgumu chenye umbo la kipepeo, chembamba katikati, kipana pande zote mbili. Kisha akachukua patasi, akauchimba ubao palepale penye ufa. Nikashtuka: anatibu kidonda kwa kukichimba! Kipande kikaingia kwa kubana, kikashika pande zote mbili. Ufa bado unaonekana, ila hauendelei.

George Nakashima, seremala wa Marekani mwenye asili ya Japani, alifanya hivyo hivyo. Mwaka 1942 alizuiliwa na familia yake katika kambi ya Minidoka, Idaho, kwa sababu tu ya asili yao. Humo kambini alijifunza ufundi kwa seremala Mjapani. Baadaye mbao zenye nyufa, zilizoshikwa kwa vipande vya umbo la kipepeo, ndizo zilizompa jina.

Ndugu yangu, nilirudi nyumbani kimya. Nilikuwa na miaka miwili sijaungama. Naimba kwaya, nasoma somo la kwanza, vanishi inang'aa! Kumbe chini yake kuna hela ya mchango wa hija ya vijana niliyoila, na mwenzangu akasingiziwa, nami nikanyamaza. Akaacha kuja VIWAWA.

Jumamosi nikaenda kitubio. Padre hakunikaripia. Ila alinitaka nirudishe hela na nisafishe jina la mwenzangu. Hapo ndipo patasi ilipoingia. Ufa una pande mbili, na huwezi kuushika kwa upande mmoja.

Bwana wetu, ambaye watu wa kwao walimjua kama seremala (Mk 6:3), alifufuka akiwa na alama za misumari, akamwonyesha Tomaso (Yn 20:27). Hakuzificha.

Hela nimesharudisha. Mwenzangu bado sijamwona; nakwenda Jumapili hii baada ya Misa. Huenda asinisamehe. Niombee. Na wewe je, ni ufa gani umeupiga vanishi?

Tusali: Ee Yesu, Mwana wa seremala, usituache tuoze chini ya mng'ao. Tufungue, utushike, uturudishe kwa wenzetu. Amina.