Hamu Ichague Mwandishi, Mpango Ushike Zamu

Kumaliza kitabu kizuri kuna shida yake. Rafuni vimejaa vingine ulivyovinunua kwa nia njema, na siku hiyo hakuna hata kimoja kinachokuita. Wapo wanaojiwekea orodha ya mwaka mzima na kuifuata. Wapo wanaonyoosha mkono na kuchukua kile ambacho moyo umekitaka.

Nianze kwa kuitetea hamu. Wengi wetu tulifundishwa kusoma kwa mpango wa watu wengine: kitabu cha mtihani, dhamira, wahusika, tamathali za usemi, basi. Ndiyo maana mtu anafaulu fasihi vizuri na baada ya hapo hafungui tena riwaya maishani mwake. Mtu mzima aliyerudi kazini amechoka, au ambaye nyumbani kwake kuna msiba, ana haki ya kumfuata mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla bila kuona haya. Kusoma huko ni kusoma kamili.

Lakini hamu hupenda njia inayoijua. Ingekuwa hamu peke yake, wasomaji wengi wa Euphrase Kezilahabi wangeishia kwenye *Rosa Mistika* ya 1971, kwa sababu ni hadithi inayokamata: binti wa Ukerewe, baba mkali, maisha yanayoharibika. Kisha wangeiona *Nagona* dukani, kijitabu chembamba, wakaifungua na kuifunga palepale. Hakuna kijiji cha kawaida humo, wala kisa kinachokwenda moja kwa moja.

Hapo ndipo mpango unapolipa. Msome kwa miaka yake: *Kichwamaji* 1974, *Dunia Uwanja wa Fujo* 1975, *Gamba la Nyoka* 1979 inayoingia ndani ya vijiji vya Ujamaa. Halafu miaka kumi na moja bila riwaya, ndipo *Nagona* inatoka 1990 na *Mzingile* mwaka uliofuata. Aliyekwishakaa na Kazimoto wa *Kichwamaji*, kijana anayejiuliza kama maisha yana maana yoyote hadi anajiua, atalitambua swali hilo ndani ya *Nagona*. Swali ni lilelile. Limevuliwa mavazi ya kijijini. Nathubutu kusema kwamba *Nagona* haina ugumu tunaousingizia. Tunaifikia mapema mno.

Mpango wenyewe unataka akili, lakini. Kwa Shaaban Robert, mwaka wa kuchapishwa unaweza kukupoteza: alifariki 1962, ilhali *Kufikirika* ilitoka 1967 na *Utubora Mkulima* 1968. Anayepanga kwa tarehe za jalada tu atadhani anasoma mawazo ya Tanzania ya Azimio la Arusha, kumbe mwandishi hakuiona hata Tanganyika ikiwa jamhuri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Uache moyo umchague mwandishi, maana hakuna mpango unaoweza kukufanya umpende mtu usiyempenda. Ukishampata, kaa naye, mfuate kitabu kwa kitabu, hata pale anapobadilika na kukukera. Ukichoka katikati, soma hadithi ya upelelezi wiki nzima, kisha urudi. Na kama kwa Kezilahabi umesoma *Rosa Mistika* tu, kinachofuata ni *Kichwamaji*.