Uwanja wa Mji Ni Amana

Masasi imekaa chini ya milima yake ya mawe, na ni njia panda ya watokao Tunduru, Nachingwea, Lindi na Newala. Tangu Daraja la Umoja lifunguliwe juu ya Mto Ruvuma mwaka 2010, hata msafiri wa Msumbiji hupita hapo. Newala nayo, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, hupokea watu wa vijiji vya juu na wale wanaopanda kutoka bondeni. Msimu wa korosho ukifika, eneo la wazi la katikati ya mji huonyesha kazi yake: lori linapishana na bajaji, vijana wa bodaboda wanagombea kivuli kimoja, na mama aliyeteremka kwenye gari ametua beseni lake la samaki, akalifunika kitambaa, akakaa kando kumsubiri mwenzake. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba ruhusa ya kusimama pale. Lakini barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala, yenye kilomita 210, inavyozidi kupata lami kipande kwa kipande, ndivyo viwanja vya katikati vinavyopanda bei. Hapo ndipo swali linapozuka: ardhi isiyo na nyumba, isiyo na ukuta wala hati ya mtu, ni ya nani, na nani ana haki ya kuiuza?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na kwamba Rais ameishika akiwa mdhamini kwa niaba ya raia wote. Neno hilo, mdhamini, ni la kisheria, lakini uzito wake ni wa kidini. Mdhamini hana mali, ana amana. Muislamu anajua kwamba aliyewekewa amana ataulizwa, na kwamba mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, bali faida yake huendelea kuwafikia waliokusudiwa. Mkristo anasoma katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, kwamba ardhi haiuzwi moja kwa moja kwa sababu ni ya Mungu, na wanaoikalia ni wageni tu. Nyerere, katika makala yake ya mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa, alijenga hoja yake dhidi ya umiliki binafsi wa ardhi juu ya msingi huohuo: hakuna binadamu aliyeiumba ardhi. Na Wamakonde wa uwandani, kabla ya sheria hizi zote, walikuwa na chitala, kibanda cha baraza ambamo wanaume walikula pamoja, wakapokea wageni na kuamua mashauri. Mkulungwa alikiangalia chitala, lakini kilikuwa cha kijiji. Hoja yangu, basi, ni moja: halmashauri inaushika uwanja wa mji kama mkulungwa alivyokishika chitala. Inaweza kuutunza, kuupanga, hata kuutoza ushuru, lakini haiwezi kuizima kazi uliyowekewa.

Wa kwanza kupinga atasema uwanja mtupu ni ardhi iliyolala. Jibu liko vijijini. Uwanja ambapo ngoma za midimu huchezwa jando likitoka hauna kitu siku nyingi za mwaka, na hakuna mwanakijiji anayedai umelala. Unasubiri, na kusubiri ndiyo kazi yake. Maegesho ya mjini vivyo hivyo: uwazi wake ndio unaoliwezesha soko kufikiwa, mgonjwa kushushwa karibu na duka la dawa, mkulima kutua gunia. Ukiupima kwa kodi ya fremu zisizojengwa, utauona una hasara. Ukiupima kwa mizigo inayotuliwa hapo tangu alfajiri hadi magharibi, utauona ni mtaji wa mji mzima. Masasi yenyewe ni shahidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka pwani na kundi la watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, wakatua Masasi na kubaki. Misheni iliyokuja kuupa mji jina kubwa ilianza kwa wasafiri kupata mahali pa kutua mizigo.

Wa pili atasema maegesho ni mali ya wenye magari, yaani wenye nacho, na kuyatetea ni kumtetea tajiri. Hoja hii ina ukweli wake: eneo linalozungushiwa kamba ili liegeshe magari machache ya wakubwa limekwisha kupotea hata kabla ya kuuzwa. Lakini katika miji hii wengi wanaoutumia uwanja hawana gari. Wana pikipiki, baiskeli, mkokoteni au miguu yao. Kinachostahili kulindwa ni haki ya kusimama bila kufukuzwa, na haki hiyo ndiyo kwanza humnufaisha asiye na ua wa kuegesha wala duka la kuwekea mzigo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: halmashauri inahitaji fedha, na jengo la biashara litajenga madarasa na zahanati. Hapa tukumbuke kisa cha Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu hakuanza kwa kupora. Alianza kwa kutoa bei nzuri kwa shamba la Nabothi, au shamba bora zaidi badala yake. Nabothi alikataa kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa wake peke yake hata authaminishe. Bei halali haimpi mtu mamlaka asiyokuwa nayo ya kuuza. Hata hivyo amana si jiwe. Wapo wanazuoni wa Kiislamu waliokubali wakfu ubadilishwe pale faida yake inapokatika, mradi kinachokuja kiwe sawa nao au bora. Kanuni hiyo yatosha kwa mji: kabla ya kujenga, uwepo uwanja mwingine, wenye nafasi ileile au zaidi, uliokwisha kufunguliwa, na unaofikiwa na watu walewale. Stendi mpya iliyo mbali haiwi badala sawa ikiwa mama mwenye beseni atalazimika kulipa bodaboda ili afike sokoni.

Yaliyotokea Nairobi yanaonyesha kwa nini ulinzi huu hauwezi kuachiwa ofisi peke yake. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa wakazi mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Mwaka 1991 uliletwa mpango wa kuijengea ghorofa, na maegesho yenyewe yakawa sehemu ya sababu zilizotolewa. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na bustani ingalipo. Mwaka 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta, wakaandamana, wakapigwa mabomu ya machozi, kisha serikali ikaurudisha. Hata neno "maegesho", basi, laweza kuwa kisingizio cha kunyang'anya. Cha kuuliza daima ni nani ataingia bure kesho.

Atakayesema kwamba wakazi wanaopinga ni wachache wenye maslahi yao, asome ibara ya 27 ya Katiba ya Tanzania, inayomtaka kila mtu kuilinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Raia anayehoji mchoro wa jengo anatimiza wajibu, haombi hisani. Hivyo madiwani wa Masasi na Newala wafanye jambo moja lisilo na gharama kubwa: waorodheshe kila eneo la wazi la mji, walipime, na wabandike orodha hiyo kwenye mbao za matangazo za kata, ikitaja ukubwa wa eneo na kazi yake. Nasi wakazi tuisome orodha hiyo, na siku eneo moja litakapofutwa humo, twende kwenye kikao cha baraza tukaulize eneo la badala liko wapi.