Je, Kunyima Kwaweza Kuwa Upendo?



Wengi wetu tumekulia kwenye mashamba ya mahindi na migomba, na huko upendo wa mkulima ni kuongeza. Mmea ukififia twautilia samadi. Ukinyauka twaumwagia maji. Kwa hiyo si rahisi kwetu kusadiki kwamba uko mmea ambao hufa kwa kutendewa wema wa namna hiyo.

Jina lake ni Daphne cneorum. Kwao ni milima ya Ulaya, kama vile Alpi. Hutambaa chini, haufiki magotini mwa mtu, na majani yake hayapukutiki. Nchini Uingereza, ifikapo Aprili au Mei, hujifunika maua ya rangi ya waridi yenye harufu tamu, nayo harufu humfikia mpita njia kabla hajayaona maua. (Mmea wote ni sumu ukiliwa, basi wenye watoto wadogo hujihadhari.) Kwa ajili ya mimea ya milimani kama huu Waingereza wamejenga bustani za mawe, ile ya Kew, London, ilijengwa mwaka 1882. Wako waliozidisha. Wakili mmoja tajiri, Frank Crisp, alijenga nyumbani kwake Friar Park mfano wa mlima Matterhorn! Twadhani mimea yake haikujali kilele.

Inachojali ni yaliyo chini. Mvua ya Uingereza hunyesha hata majira ya baridi, na udongo ukishika maji mizizi ya mmea huu huoza. Samadi ikizidi, matawi hurefuka na kulegea. Ukihamishwa ukiwa umekomaa, mara nyingi hufa. Basi mtunzaji mwema huunyima: haulishi sana, haumwagii ovyo, hausogezi.

Hapo ndipo swali linapotuuma, kwa maana hoja hii ni tamu mno midomoni mwa mchoyo. Bwana anayempunja kibarua atasema kwamba fedha nyingi zitamharibu. Nasi, tukimpita mwenye haja barabarani, twanong'onezana kwamba watu wa namna ile wamezoea shida. Je, si maneno yale yale ya mtunza bustani?

Tunasema sivyo, na sababu imo chini ya jiwe. Mmea huu haupendi taabu. Juu yake ni jua na upepo, lakini mizizi yake imezama katika nyufa za mawe, mahali penye ubaridi na unyevu usiokauka upesi. Anayeutazama kwa juu tu huona kiumbe kinachoridhika na mwamba mtupu. Mtunzaji anajua zaidi. Kabla hajaunyima chochote amekwisha kuchimba shimo, amejaza kokoto chini, amechanganya udongo na changarawe, amepanga mawe yaivike mizizi kivuli. Mgongo umemwuma. Kunyima kwake kumemgharimu kuliko kumwaga ndoo ya maji. Yule bwana wa kibarua kumemgharimu nini? Hata hajauliza kama kibarua ana kodi ya nyumba au karo ya mtoto.

Tena liko jambo ambalo wapenda bustani hulisahau. Mmea haukuomba kushushwa mlimani. Aliyeutaka kwa harufu yake ndiye mwenye wajibu wa kuutafutia mlima hapo alipouweka, wala hawezi kuulaumu ukishindwa na mvua. Sisi tunaowaleta watoto wa ndugu kutoka vijijini watusaidie kazi za nyumbani mjini tungefaa kulitafakari hilo kwa muda mrefu kuliko hayo mengine yote.

Akitaka mche wa pili, mtunzaji hang'oi. Huchukua jiwe bapa, akalilaza juu ya tawi linalotambaa, akaliacha hapo mwaka mmoja au zaidi. Chini ya jiwe tawi huota mizizi yake lenyewe, likiwa bado linanyonya kwa mama. Ndipo hulikata.