Sura ya Kiongozi na Dhamana ya Jina

Picha ya kuchorwa humpa kiongozi sura aliyoiteua mchoraji. Mara nyingi kazi huanza na fotografia: mchoraji huipigia miraba kwa penseli, hukuza kila mraba kwenye turubai, kisha hupaka rangi. Katika kukuza huko, mikunjo ya uchovu hupunguzwa, macho huinuliwa kidogo, na mkononi huwekwa kitu cha kumtambulisha mwenyewe, kama fimbo ya Mwalimu Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania. Watu huipokea sura hiyo kana kwamba ndiye kiongozi hasa. Ndipo linapozuka swali: heshima inayotolewa mbele ya picha humfikia nani?

Uislamu na Ukatoliki, zenye waumini wengi Morogoro, hulijibu kwa njia tofauti. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hukataza kuchora viumbe wenye roho, kwa kuchelea utukuzo usije ukamwendea kiumbe badala ya Muumba. Kanisa Katoliki hufuata Mtaguso wa Pili wa Nisea wa mwaka 787, uliofundisha kwamba heshima inayopewa picha humwendea yule aliyechorwa. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba ubao na rangi havistahili kuabudiwa.

Waluguru, wenyeji wa Morogoro, wana njia yao. Ukoo hufuata upande wa mama, na anayerithi uongozi hurithi pia jina. Ndivyo Kingalu, kiongozi wa jadi wa Kinole, alivyodumu kizazi baada ya kizazi bila kuhitaji picha. Jina hilo huja na kazi, ikiwamo kuomba mvua. Mvua ikikosekana, yupo Kingalu aliye hai wa kuulizwa. Picha, hata iwe ya ustadi gani, haina wa kujibu.

Tofauti hiyo ya picha na jina inaonekana katika kumbukumbu ya Edward Moringe Sokoine. Waziri Mkuu huyo wa Tanzania, aliyesimamia mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akiwa na miaka 45. Katika picha zake habadiliki, wala hazimdai kitu anayezitazama. Lakini mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kilimo mjini Morogoro kilipewa jina lake, na jina linadai: wataalamu waadilifu, na utafiti unaomfikia mkulima wa Mgeta na Matombo.

Picha ya kiongozi na itundikwe, ila wanaoitundika wajue alikabidhiwa nini na alitimiza nini. Heshima anayostahili kiongozi aliyetangulia ni kuirithi kazi yake na kukubali kuulizwa juu yake.