Sheria Iliyoshonwa Nyumbani

Mchezo wa vita wa mezani huchezwa na watu wawili wasio na mwamuzi. Meza hutandikwa kitambaa cha kijani, vikapangwa vilima vya ubao na vijiaskari vya risasi au plastiki ambavyo kimo chao hakifiki kidole gumba. Kila mmoja hupima mwendo wa vikosi vyake kwa futi kamba, kisha dado zikarushwa ijulikane nani kaanguka na nani kasimama. Mzozo ukizuka, kwamba wapanda farasi wamefika kwa adui au wamepungukiwa na nusu inchi, wote wawili hugeukia kitabu cha kanuni, na kisemacho kitabu hakina rufaa. Ndiyo sababu jambo linaloonekana dogo, la mchezaji kukichapa na kukijalidi kitabu hicho kwa mkono wake, lina uzito kuliko adhaniavyo mwenye mashine ya kuchapia. Mmoja wa wadaawa amejishonea sheria.

Haikuwa hivyo tangu asili. Mchezo huu ulilelewa katika jeshi la Prussia. Mnamo 1812 Georg Leopold von Reisswitz aliuonyesha ufalmeni ukiwa kama samani ya thamani, meza yenye vipande vya ardhi vya kupangwa na kupanguliwa; na mwaka 1824 mwanawe, luteni wa mizinga, akachapisha Berlin kanuni zake mwenyewe, za kuchezwa juu ya ramani. Pale mwamuzi alikuwepo, tena ndiye aliyekuwa kila kitu. Maafisa wa pande mbili walimwandikia amri zao, naye akazitekeleza ramanini, akarusha dado na kusoma majedwali ya hasara. Wachezaji hawakuhitaji hata kukijua kitabu. Mwaka 1876 afisa mmoja wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, alikwenda mbali zaidi: majedwali yawekwe kando, mwamuzi akate shauri kwa uzoefu wake. Rai hiyo iliwezekana kwa kuwa jeshini kuna mkubwa na mdogo, na mdogo hujifunza kunyamaza mkubwa akishasema.

Kisha H. G. Wells, mtunzi wa riwaya wa Uingereza, akautoa mchezo kambini na kuushusha kwenye sakafu ya nyumba. Kitabu chake, Little Wars, kilitoka mwaka 1913, na ndani yake mwandishi hakuficha kwamba vita vya kweli aliviona ni upumbavu mkubwa, usiolingana na utamu wa vita vya sakafuni. Mwaka mmoja baadaye Ulaya ikaingia vitani. Linalohusika hapa ni hili: nyumbani hakuna cheo. Jirani hamtii jirani kwa sababu ya nyota begani, na pengo aliloliacha mwamuzi likajazwa na kitabu.

Wa kukichapa kitabu cha Wells leo hana deni kwa mtu. Mwandishi alifariki 1946, na hakimiliki yake Uingereza ikakoma mwaka 2016 ulipokwisha. Ugumu upo kwa vitabu vya karibu. Kampuni ya Games Workshop ya Nottingham iliufunga mchezo wake wa Warhammer Fantasy Battle mwaka 2015, na ulimwengu ule wa kale haukurudi madukani hadi 2024, kwa jina la The Old World na kwa kanuni mpya. Katika miaka ile, aliyekuwa na nakala ya zamani iliyonyofoka kurasa angefanya nini? Kujichapia upya kitabu alichokwisha kukinunua ni kutengeneza chombo chake, na ni vigumu kuona nani kadhulumiwa, hata kama sheria za nchi nyingine zina kauli kali zaidi. Asiyepata kukinunua, huku kitabu kikiuzwa, anakula jasho la mtu. Haki ya mwandishi haifi kwa sababu duka limefunga mlango. Lakini mjadala huu umezungumzwa mno, na umeziba mwingine ulio mzito zaidi. Mwandishi yuko mbali. Mpinzani yuko ng'ambo ya meza.

Itazamwe kazi yenyewe. Kitabu cha kurasa 64 za nusu ya A4 huhitaji karatasi 16. Hukunjwa nne nne, mafungu manne, na kila fungu lina kurasa 16, ambapo ukurasa wa kwanza na wa 16 hukaa upande mmoja wa karatasi moja. Asiyelijua hilo atachapa kitabu kinachoruka kutoka mapigano hadi maandamano. Mkunjo hutobolewa kwa msumari mwembamba, uzi hupakwa nta, sindano ikapita fungu hadi fungu, mgongo ukapakwa gundi nyeupe na kuachwa chini ya mzigo usiku kucha. Wanaoshona badala ya kupiga pini wana sababu nzuri: kitabu kilichoshonwa hufunguka kikalala, na mezani mikono yote miwili ina shughuli. Ni kazi ya subira, na subira ina heshima yake. Atakayeshona mafungu manne atayasoma maneno yake mara nyingi kuliko mnunuzi wa dukani.

Na hatari inaanzia hapo hapo penye sifa. Vitabu hivi hutoka na makosa, na wachapaji hutoa masahihisho baadaye katika karatasi za pembeni. Mchapaji wa nyumbani, kwa nia njema, huyaingiza ndani ya matini ili asihangaike na karatasi mbili. Mara akakuta sentensi yenye maana mbili. Yeye kwa miaka ameifahamu kwa maana moja, maana ambayo (si kwa bahati tu) hulipendelea jeshi lake. Anainyoosha. Hakusema uwongo, anaamini ndivyo alivyokusudia mwandishi. Ila sasa rai yake imevaa herufi zile zile za sheria, imo ndani ya jalada lile lile, na mgeni atakayekuja Jumamosi hataona mshono.

Wanukuzi wa zamani waliijua hatari hii. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa misahafu iliyonukuliwa na kujalidiwa kwa mkono, na katika ada ya miswada ya Kiislamu kwa jumla sahihisho lilikaa pambizoni, mahali linapoonekana kuwa ni sahihisho. Mnukuzi naye, afikapo khatima, aghalabu alitaja jina lake na tarehe, akamwomba msomaji amsamehe alipoteleza. Wapo wanaouona unyenyekevu huo kuwa ni mapambo tu. Kwa kweli ulikuwa taarifa: mkono wa binadamu umepita hapa, nao ni wa fulani.

Yupo atakayesema kwamba wachezaji wameruhusiana tangu zamani kugeuza kanuni, na kwamba kanuni za nyumba ndizo utamu wenyewe. Ni kweli, nao hawakukosea. Ila kuruhusiana ni kwa watu wawili. Kanuni iliyobadilishwa mezani, mbele ya wote, ni mapatano. Kanuni hiyo hiyo ikibadilishwa usiku jikoni, gundi ikiwa bado mbichi, ina mtu mmoja tu aliyeridhia.

Basi mwenye kitabu cha kushona ana ukurasa mmoja zaidi wa kuchapa. Wa mwisho: toleo gani limenakiliwa, la mwaka gani, nani kalichapa na lini, na kila mstari uliogeuzwa ukitajwa kwa ukurasa wake, neno la kwanza kando ya neno jipya. Kitabu akabidhiwe mgeni kabla vijiaskari havijatoka sandukuni. Mgeni aanzie mwisho, asome polepole, chai ikipoa. Akiukataa mstari wa tatu, kalamu ya risasi iko mezani.